Kabati la Bi Masouda

Kila Alhamisi alasiri, wageni wakishaonja haluwa na vikombe vya kahawa vikizunguka, Bi Masouda alifungua kabati lake la chuma pale Darsait, ng'ambo alikohamia, akatoa hati ya nyumba ya baba yake, Unguja. Conjesta, mtumishi wake kutoka Bukoba, alikuwa ameisikia hadithi hiyo mpaka akaijua kwa moyo: watu walikuja na bunduki, wakasema tokeni, na mahakama hakuna aliyeitaja. "Dhuluma!" Bi Masouda alimalizia, akilia machozi ya kweli. Conjesta naye, mjinga wa watu, alimlilia.

Pasipoti ya Conjesta ilikaa katika kabati hilohilo, mwaka wa nne sasa.

Jumatatu moja ya mwaka 2006 kaka yake, Audax, alipiga simu. Mama yao alikuwa taabani na alikuwa akimwita yeye. Conjesta akaenda ukumbini.

"Mama, naomba pasipoti yangu. Nikamwone mama, nitarudi."

"Kafili wako, aliyekudhamini kuja huku, ni mwanangu Aflah, naye yuko Salala mpaka Ijumaa. Mie sina amri."

Ufunguo wa kabati ulikuwa unaning'inia shingoni mwake.

Bintiye Bashayer, aliyekuwa akisomea sheria, akainua uso. "Mama, hairuhusiwi kumshikia mtu pasipoti. Tumesomeshwa."

"Ya darasani yaache darasani. Jirani Muhsina alimpa mtumishi wake pasipoti, kenda hakurudi. Na mie na magoti haya, nani ataniinua?"

Bashayer akarudi kwenye kitabu chake. Hilo lilimuuma Conjesta kuliko yote, maana huyu alijua.

Mama yake alifariki Jumanne. Alhamisi asubuhi walimzika kwenye migomba nyuma ya nyumba, na Audax akaishika simu juu ya kaburi ili dada yake asikie udongo ukianguka. Conjesta alisikiliza akiwa amesimama jikoni, mpaka simu ikakatika.

Alasiri wageni walikuja kama kawaida. Bi Masouda alitoa hati, akaanza: bunduki, tokeni, mahakama. Akamtazama Conjesta, kama alivyozoea, amwone analia. Conjesta alikuwa na macho makavu, yametua ndani ya kabati lililo wazi. Bi Masouda akakwama. Akaitoa pasipoti.

"Chukua, mwanangu. Nenda kwenu."

"Niende kwa nani, Mama?" Conjesta alisema, huku akimjazia mgeni kikombe. "Wameshamfukia."