Sauti ya Chiriku Ilivyoshuka Ngazi

Saa nne asubuhi bendi ilikuwa studio, chumba cha ghorofani kilichobandikwa magodoro ukutani ili kelele za mtaa zisiingie. Vidole, mpiga gitaa, alikuwa anakaza nyuzi. Kishindo, mpiga ngoma, alikuwa anakula karanga. Mwimbaji wao, Chiriku, alisogelea maikrofoni, akafumba macho, akafungua kinywa kuimba wimbo mpya. Sauti ikamtoka, ikapita mlangoni, ikashuka ngazi. Wote waliisikia ikikanyaga. Ile ngazi ya tatu iliyolegea ililia kama kawaida.

Chini kulikuwa na kibanda cha dada yake Chiriku, mpiga pasi, ambaye mtaa mzima ulimwita Da Makaa. Sauti ikaingia humo, ikamkaa kooni. Mteja alikuwa anaulizia suruali yake.

"Njoo jioni," alijibiwa, kwa besi iliyotikisa meza.

Mteja akasema sawa, jioni.

"Imekwenda kwa mwenyewe," alisema fundi mitambo kule juu studio, akazima mashine ya kurekodi.

Hakuna aliyeuliza mwenyewe ni nani. Wimbo ule Da Makaa aliutunga akipiga pasi, mwendo wa pasi ndiyo ngoma yake. Siku hiyo Chiriku alikuwa amekaa pale na chupi akisubiri suruali inyooshwe. Alipanda juu na suruali na wimbo, akasema vyote ni vyake.

Sasa Chiriku alichezesha midomo. Vidole, aliyemzoea tangu utotoni, akatafsiri: "Anasema tuteremshe maikrofoni dirishani."

Wakaiteremsha. Da Makaa aliishika, akasema kwa sauti ya mdogo wake, "Nitaimba. Ila pale mnapotajana, na mimi nitajwe."

Bendi ile ilikuwa na desturi. Katikati ya kila wimbo, gitaa likishapamba moto, mwimbaji huwataja wenzake mmoja mmoja, na fundi mitambo, na hata mwenye nyumba, asije akawazimia umeme. Wengi wao hawakumaliza shule. Kutajwa kwenye wimbo ndicho cheti chao.

"Utatajwa, dada!" Kishindo alipiga kelele kutoka juu. "Ikiwa hata yule mwenye nyumba anayenuna kutwa anatajwa!"

Da Makaa akaimba pasi ikiwa mkononi, maana bila pasi hashiki mwendo. Alipofika katikati akawataja wote, kisha akamalizia: "Na mtunzi, Da Makaa, mpiga pasi wa chini!" Kishindo akalipigia jina hilo upatu.

Fundi alipowarudishia wimbo wausikilize, Chiriku alitikisa kichwa.

"Anasema hapo kwenye dada pakatwe," alisema Vidole. "Watu wataanza maswali."

"Pakikatwa, sauti hairudi," alisema fundi, kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Nimeshaona hayo kwa wengine."

Chiriku alifikiri huku akimmalizia Kishindo karanga. Kisha akafanya vidole viwili kuwa mkasi.

"Wewe una roho ngumu, bwana," alisema Kishindo, akakunja mfuko mtupu wa karanga.

Pakakatwa.

Wimbo umeshika mji. Jukwaani Chiriku anachezesha midomo, suti imenyooka kama kisu, na sauti inakuja kwa waya kutoka kibandani. Ikifika katikati fundi anauzima waya kidogo, halafu anauwasha. Nyumbani Chiriku anaomba chumvi kwa kidole. Mke wake anasema hajawahi kuishi kwa amani namna hii.

Wimbo ukipigwa redioni, baada ya jina la mwenye nyumba pana pengo dogo la ngoma tupu. Hapo Da Makaa huinua pasi, akajitaja kwa besi ileile, kisha akaendelea na kola. Wateja walio ndani ya kibanda wanajua wimbo ndivyo ulivyo.

Walio nje wanasikia pengo.