Sofa ya Wageni Mashuhuri

Kiwanda cha mbata, yaani nazi zilizokaushwa, pale karibu na Kinondo kilikuwa na bahati kuliko watu wengi. Mwenyewe alipofunga virago mwaka wa Uhuru akaenda zake kwao, kila mtu alikitakia mema. Mmoja alitaka kiwe sinema. Mwingine alitaka kiwe hoteli ya Wazungu, ijapokuwa harufu ya nazi iliyovunda ilikuwa imezishika kuta hata popo walikuwa wakiingia kwa kusitasita. Mbodze na wanawake wenziwe walitaka chumba kimoja tu: kile cha kukaushia mbata kwa moto, chenye kuta nene za mawe na birika la maji ya mvua nyuma yake. Walitaka kiwe chumba cha kuzalia.

Mbodze alikuwa na sababu yake. Bintiye, Kadzo, alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alizaliwa ukingoni mwa mto Mkurumuji, chini ya mvua, wakisubiri maji yashuke darajani ili baiskeli ivuke kwenda hospitali ya Msambweni. Hakulia hata mara moja. Sasa masika yalikuwa yanakaribia tena, na tumbo nalo lilikuwa linakaribia.

Mwenyekiti wa kamati ya kijiji, Bwana Chirau, aliwasikiliza kwa huruma nyingi, maana huruma haina gharama.

"Jamani, tumepata Uhuru, nanyi mwaniambia habari za kuzaa? Si mlikuwa mkizaa hata wakati wa mkoloni?"

Basi kikawa Ukumbi wa Maendeleo. Na chumba cha kukaushia mbata kikawa Chumba cha Wageni Mashuhuri. Wageni wenyewe hawakuwako, lakini mtu hujiandaa. Kikapakwa chokaa, masizi yakachungulia. Kikapakwa tena, yakachungulia tena. Wakayafunika kwa pazia jekundu. Kisha ikaletwa sofa ya mahameli kutoka Mombasa, na hakuna aliyeruhusiwa kuikalia. Chirau mwenyewe alikuwa akiingia kila alasiri, akaifuta vumbi, akaitazama kama bwana harusi.

Siku ya ufunguzi ilipokaribia, Chirau akapata wazo. Ofisa aliyealikwa alikuwa mtu wa bara, na watu wa bara, kama alivyosikia, hupenda mila za pwani. Naye Mbodze alikuwa binti wa shangazi yake, yaani mtani wake tangu utoto. Mtani ana haki yake: siku ya shughuli hujilaza mlangoni, hutukana apendavyo, wala hapiti mtu mpaka apewe anachotaka. Anayekasirika ndiye anayeaibika.

"Mke wangu," Chirau akamwambia kwa utani wao, "utalala mlangoni. Nitakuuliza wataka nini, nawe utasema wataka leso ya kujifunga. Ninayo tayari. Utasema nini?"

"Leso."

"Vyema. Usiongeze maneno."

"Mimi na maneno wapi na wapi, mume wangu?"

Siku ikafika. Ofisa akashuka garini, ngoma zikalia, na Mbodze akajilaza mlangoni kama gogo.

"Chirau! Kichwa kama dafu lililokauka maji! Hupiti!"

Watu wakaangua kicheko. Ofisa akacheka hata kofia ikamwenda upande. Chirau akatia mkono mfukoni, leso ikachungulia.

"Haya, wataka nini, ewe kikwazo?"

Mbodze akainua kichwa. Akamtazama Kadzo, aliyesimama ameshika kiuno.

"Nataka chumba chenye sofa. Mwanangu azalie humo."

Ngoma zikanyamaza. Chirau akacheka kicheko cha mwenye jino bovu.

"Mtani wangu, nadhani ulikuwa wataka leso."

"Leso nayo nitachukua. Mtoto atavikwa nini?"

Mshipa wa shingo ya Chirau ukasimama. Mbodze akauona, akafumba macho, wala hakuinuka.

"Mama anasema nini?" ofisa akauliza.

Mzee Tsuma, aliyekuwa karibu, akamjibu, "Aomba chumba, bwana. Ni mtani wake. Mtani hanyimwi."

"Basi mpatie, Mwenyekiti! Hii mila ni safi kabisa!" Akapiga makofi, na umati mzima ukamfuata.

"Nimempa," akasema Chirau, kama aliyemeza mwiba wa samaki.

Mbodze alikuwa bado amelala. "Na ufunguo?"

Masika yakaingia, maji yakapita juu ya daraja, na Kadzo akashikwa na uchungu. Mkunga Mwanaima alikuwa ametandika kitanda cha kamba, lakini Kadzo alipoishika ile sofa hakubanduka. Akajifungua mtoto wa kike, na kilio chake kikawatoa popo wote darini.

Asubuhi Chirau akabisha hodi, mwavuli mkononi. Akamwona mtoto ndani ya leso yake.

"Mashaallah. Hajambo?"

"Hajambo."

Akanyoosha shingo kutazama nyuma ya pazia. "Na sofa?"

"Mgeni mashuhuri ameikalia," akasema Mbodze. "Si wewe uliyekuwa ukimngoja?"