Mtani Handakini

Mikaeli alishuka ndani ya handaki la Mjerumani, akajinyoosha juu ya majani makavu, akafumba macho na kutangaza kwamba hatoki. Viatu vyake, vilivyojaa vumbi jekundu la Handeni, vilichungulia ukingoni kama masikio ya punda. Wageni wangu, walimu wastaafu kutoka Morogoro, walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya ziara.

Haikuwa sehemu ya ziara. Yalikuwa ni maziko ya mume wangu, yaliyochelewa miezi mitano.

Mume wangu Sharifu alikuwa mtembeza wageni. Aliwapeleka mahali Mjerumani na Mwingereza walipopigana: kwenye daraja, kwenye mahandaki, na kwenye vijiji vya mtoni ambako babu zetu walikamatwa wakabebeshwa mizigo ya vita isiyowahusu. Mikaeli ndiye aliyekuwa dereva wake. Sharifu alikuwa Mzigua, na Mikaeli ni mjukuu wa Mnyamwezi aliyeletwa Korogwe kukata mkonge. Basi walikuwa watani, na asiyeujua utani wetu angedhani wale watu wana kesi mahakamani. Asubuhi Mikaeli alibisha hodi akisema, "Bado u hai? Mimi nimeshachagua mashati nitakayorithi." Sharifu naye alijibu kutoka chumbani, "Rithi kwanza panga la babu yako, manamba wewe, shamba la mkonge linakungoja." Kisha wakaketi kunywa chai, kila mmoja akimchagulia mwenzake andazi kubwa.

Kwetu mtani ana haki yake msibani. Watu wanapolia, yeye huchekesha. Humwigiza marehemu mwendo na sauti, hutangulia kuingia kaburini akalala, na hatoki mpaka wafiwa wampe kitu. Marehemu asiyefanyiwa utani ni kama mgeni aliyeachwa aondoke bila kusindikizwa hata hadi njia panda.

Siku tuliyomzika Sharifu, kaka yake mkubwa, shemeji yangu Athuman, alisimama mlangoni akamzuia Mikaeli. "Leo hakuna maigizo," alisema. "Tunazika Mwislamu, hatuchezi ngoma." Mikaeli alikuwa ameshavaa kofia ya marehemu. Aliivua taratibu, akaiweka juu ya kigoda, akaondoka. Alipofika njiani ndipo akageuka. "Haki ya mtani haiozi, mzee."

Nilikuwa ndani na wanawake wenzangu. Niliyasikia yote, nikanyamaza. Niliendelea kunyamaza hadi eda ikaisha, na watu wakanisifu kwa subira. Haikuwa subira. Kilio kilikuwa kimekataa kutoka.

Eda ilipokwisha, wale walimu wakapiga simu. Walikuwa wameahidiana na Sharifu zamani na hawakuwa na habari ya msiba. Nikajisikia nikisema, "Karibuni, nitawatembeza mimi." Shemeji Athuman aliposikia alikuja na kanzu yake iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe.

"Hajira, wewe na kidato chako cha nne utawaeleza nini walimu?"

"Nitawaeleza alichokuwa akieleza mwenyewe."

"Haya. Nitakuwepo. Nikiona jina la marehemu linaaibishwa, gari linauzwa na habari hizi zinakwisha."

Kwa hiyo nilitoka nyumbani siku ile nikiomba jambo moja tu: ziara iishe bila doa. Gari lile na safari zile ndivyo vitu pekee vilivyobaki na harufu yake.

Tulianzia Old Korogwe, karibu na mto. Bibi Chausiku alitungoja kibarazani kwa khanga mpya. Akatuingiza chumbani, akafunua shuka, na hapo palikuwa na kitanda cha kamba kilichopinda katikati.

"Hapa," nikasema, kama nilivyomsikia Sharifu akijizoeza mbele ya kioo, "ndipo Kapteni wa Kijerumani alipolala usiku wa mwisho, kabla ya kurudi nyuma kuelekea Handeni."

Mwalimu Grace, kiongozi wa wageni, alikuwa amefundisha historia maisha yake yote. Alikigusa kile kitanda kwa kidole kimoja, kwa adabu, kama anayegusa kichwa cha mtoto wa watu. Nikashusha pumzi.

Kijijini Kerenge tulikwenda kuangalia migono, ile mitego ya samaki ya kusukwa. Kabla sijafungua mdomo, wanaume wawili wakatokea wamebeba kitanda vichwani, wakakitua katikati ya uwanja. Mzee mmoja akafuta vumbi kwa kofia yake. "Karibuni kitanda cha Kapteni! Alilala hapa usiku wa mwisho."

Mwalimu Grace alinitazama juu ya miwani. Mimi nikatazama mgono. Sijawahi kuupenda mgono kama siku ile.

Mashewa, kijiji cha tatu, kitanda kilikuwa kimeshafungwa chandarua. "Usiku wa mwisho?" Mwalimu Grace akawahi kuuliza.

"Huo huo, mwalimu," mwenye nyumba akajibu kwa furaha. "Umejuaje?"

Tuliporudi garini Mwalimu Grace akakohoa. "Mama Hajira, huyu Kapteni alikuwa na usingizi wa namna gani?"

"Mwalimu," Mikaeli akadakia kutoka kwenye usukani, "mtu analala vitanda vitatu usiku mmoja, ungetaka ashinde vita saa ngapi?"

Gari zima likaangua kicheko. Shemeji Athuman peke yake hakucheka. Tasbihi ilikimbia vidoleni mwake kana kwamba inafukuzwa. Mimi uso uliniwaka moto. Hata hivyo, tulipokuwa tukivuka daraja kushika njia ya Handeni, nilianza kuelewa. Kijiji kisicho na cha kuonyesha, wageni hukipita bila kusimama, hata chai ya mama lishe hawainywi. Sharifu alikuwa amewagawia watu Kapteni kama mtu anavyogawia majirani mbegu. Hakuniambia hata siku moja. Nilikasirika sana, na nikatamani sana nimpate nimwambie kwamba nimekasirika.

Ndivyo tulivyofika handakini. Nilikuwa nimeanza kueleza habari za wapagazi wakati Mikaeli alipofungua buti, akatoa kofia ya Sharifu, akaivaa na kuteremka.

"Mikaeli, toka," nilimwambia kwa sauti ya chini.

"Mikaeli ni nani?" Ilikuwa sauti ya Sharifu, ile ya kutokea puani, na mkato wake wa kikohozi kidogo kabla ya uongo. "Mimi ni Sharifu, mtembeza wageni, mume wa Hajira. Nimelalia ubavu mmoja tangu mliponiacha. Hakuna hata mtu mmoja aliyenicheka."

"Toka humo!" Shemeji Athuman alisogea ukingoni. "Unatuvunjia heshima mbele ya wageni!"

"Kumbe kaka naye yupo? Mwambieni arudi nyuma, nafasi yake huku haijasafishwa."

Wageni wakacheka tena. Mwalimu Grace akainua mkono. Alikuwa Mluguru, na Waluguru hawafundishwi utani na mtu. "Nyamazeni jamani," aliwaambia wenzake. "Huyu anazika."

Nikasogea ukingoni.

"Unataka nini?" nikauliza.

"Jogoo, kutoka kwa kaka. Na wewe, mke wangu, useme neno moja juu yangu mbele ya hawa watu. Lisiwe lile la 'alikuwa mtu wa watu.' Liwe la kweli."

Nilisimama pale nikiwa sijui niweke wapi mikono. Kisha nikainama, nikachota udongo, nikautupa kwenye kile kifua.

"Mwongo wewe!" nikasema. "Mwongo mkubwa! Kapteni mmoja vitanda vitatu, na mimi umenipa kimoja tu! Umeniacha nimesimama mbele ya walimu kama mwizi wa kuku! Ungeniambia! Si ungeniambia tu, Sharifu, tucheke wote?"

Kicheko kilinitoka kabla ya chozi, au chozi kabla ya kicheko, sijui. Vilibanana mlangoni vikatoka pamoja. Nilijikuta nimekaa chini kwenye vumbi, nikilia kwa sauti ambayo majirani waliniwekea masikio msiba mzima wasiipate.

Nilipofuta macho, nilimwona shemeji Athuman amechuchumaa ukingoni, kanzu yake ikiburuza kwenye majani. Alikuwa akiongea na vile viatu kwa Kizigua. Akageuka akatufasiria, kama aliyeshikwa na askari.

"Hata mimi alinidanganya. Tulipokuwa wadogo tuliokota maganda ya risasi humu humu. Akaniambia nikiyapanda yataota bunduki." Akakwangua udongo kwa kidole. "Nilimwagilia masika nzima."

"Yakaota?" Mikaeli aliuliza kutoka chini.

"Jogoo wako utamchukua nyumbani, mbwa wewe," alisema Athuman, na akamnyooshea mkono.

Mikaeli akapanda. Alijikung'uta vumbi, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Uso wake wa kuchekesha ulikuwa umekwisha. Alionekana mzee na amechoka. Akanijia pale nilipokaa, akainama.

"Pole kwa msiba, shemeji," alisema kwa sauti yake mwenyewe.

Nikatambua kwamba tangu Sharifu afariki, mji mzima ulikuwa umeniambia pole isipokuwa yeye. Kila mmoja nilimjibu kama desturi ilivyo, nikiwa sijui ninalosema.

"Nimeshapoa, Mikaeli," nikamwambia.

Nyuma yetu Mwalimu Grace alikuwa akiwauliza wenzake nani ana maji ya kuninawisha uso.