Zamu ya Lango la Makaburi

Bondeni Glen Fearnaig kila mtu aliijua sheria ile, hata asiyejua kusoma: maiti wa mwisho kuzikwa ndiye mlinzi wa lango la makaburi. Husimama pale, mvua inyeshe, theluji ianguke, mpaka azikwe mwingine wa kumpokea zamu. Ndiyo maana mazishi mawili yakiangukia siku moja, watu wazima na heshima zao, wazee wa kanisa kabisa, hutimua mbio na jeneza begani.

Torquil MacAskill alifariki Januari. Miaka hamsini alichunga kondoo milimani, hadi kifua kikamshinda. Mkewe, Dolina, alikuwa na ombi moja tu, kwa Mungu na kwa wabebaji: Torquil asisimamishwe tena kwenye baridi. Bonde lilikuwa limebaki na watu wachache. Mlinzi aliyekuwepo alikuwa na miaka mitatu langoni.

Wanawake hawakuwa na desturi ya kwenda makaburini. Dolina alikwenda, na hakupatikana mwanamume wa kumwambia arudi.

Walipokaribia daraja, Lachie, mtoto wa kaka yake, aliyeshika mbele, akaona ng'ambo ya mto watu wenye nguo nyeusi wakifuata mkokoteni uliofunikwa turubai.

"Shangazi, mzee Hector naye kakata roho."

"Hector Beaton anakufa tangu mimi msichana. Leo ndiyo kaona siku?" Dolina akapandisha sketi. "Haya, kazeni mwendo."

"Tumechoka, shangazi. Mzee mzito huyu."

"Kilicho kizito ni ile wiski mliyokunywa njiani. Nendeni."

Wakaenda. Torquil, ambaye akiwa hai hakuwahi kumkimbia yeyote ila kondoo dume, siku ile alipaa juu ya mawe na madimbwi, na Dolina nyuma yake akihema: "Acheni Hector asimame. Kusimama kwenye milango ya watu ndiyo kazi aliyoipenda."

Lachie akaliwahi lango, mkono juu ya chuma. Mkokoteni ukasimama hatua kumi nyuma yao. Mwanamume mmoja akafunua turubai, naye hakuwa wa ukoo wa Beaton. Alikuwa Rennie, mchungaji wa kondoo aliyehamia kutoka kusini tangu vuli, akakaa ng'ambo ambako habari huchelewa kuvuka. Akateremsha sanduku mwenyewe, kwa mikono miwili, kama mtu anavyobeba mwanakondoo.

"Mlikuwa mnakimbilia nini?" akauliza.



"Anaitwa nani?" Dolina akauliza.

"Elspeth, binti yangu. Kifaduro. Angetimiza sita mwezi wa tatu."

Lachie akamnong'oneza: "Shangazi, tumefika sisi kwanza. Atakayesimama ni yule, siyo mzee."

Dolina alilitazama lango, akaitazama njia nyeupe inayoishia pale, akamfikiria mtoto wa miaka mitano akisimama hapo peke yake gizani, miaka mitatu, labda minne. Akaweka kiganja juu ya jeneza la mumewe.

"Torquil," akasema polepole, "sogea. Mpishe mtoto."

Upepo uliokuwa ukivuma tangu Krismasi ukakoma. Hata mto haukusikika. Wanaume wakavua kofia bila kuambiwa, na sanduku dogo likapita katikati yao, likazikwa kwanza. Lachie alisema baadaye kwamba wakati huo jeneza lilikuwa jepesi begani, kama halina mtu.

Usiku ule theluji ilianguka hadi magotini. Asubuhi Dolina akaenda. Kuta zilikuwa zimefunikwa, misalaba imefunikwa, njia haina alama hata ya sungura. Lakini ndani ya lango, palikuwa na sehemu mbili tupu za udongo mweusi, ukubwa wa buti, vidole vikielekea barabarani. Hapakuwa na nyayo za kuja wala za kuondoka. Mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye udongo ule.

Yeye aliyewahi kumtania mchungaji wa kanisa katikati ya mahubiri akapiga magoti kwenye theluji, pumzi ikimtoka nyeupe, na mbele yake, mahali pasipo na mtu, ikatoka pumzi nyingine.

"Basi usinitazame hivyo," akasema. "Nitakuja kukupokea. Ila siyo wiki hii, ng'ombe anakaribia kuzaa."

Akaondoka kinyumenyume, maana mlinzi aliye kazini hapewi mgongo.