Kichujio cha Chumbani kwa Mama

Nyumbani wananiita Kwa Nini, na sioni aibu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kununa, kazi ambayo kaka yangu anaiweza sana.

Kaka ni mwalimu wa hesabu, anafundisha kwa kompyuta akiwa sebuleni. Jioni hiyo alikurupuka kashika kichwa. Intaneti ilikuwa imekatika tena katikati ya somo, na chumbani Mama alikuwa anacheka na simu ya mezani.

"Basi!" kaka akasema. "Ijumaa nawaambia watu wa kampuni ya simu waikate hiyo simu, watuachie intaneti tu."

Mama akatokeza mlangoni. "Na dada yangu atanipata wapi?"

"Si ana simu ya mkononi?"

"Simu anayo. Macho hana."

Alisema kweli. Mama Mkubwa anaishi mbali, haoni vizuri, na kwa kupapasa vitufe anajua namba moja tu, hii yetu. Kafundishwa nyingine, wapi! Kila jioni wanaongea, na kicheko cha Mama hukisikii saa nyingine yoyote. Mama alirudi chumbani akafunga mlango taratibu. Iliniuma kuliko kama angeubamiza.

"Lakini kwa nini simu iue intaneti?" nikauliza. "Si tuliwekewa filta, kile kichujio cha laini?"

Kaka akanionyesha kile kijisanduku cheupe, kimechomekwa kwenye soketi ya sebuleni, waya wa modemu, mashine ya intaneti, umepitia humo. Alikuwa amekizungushia selotepu ili asikiguse mtu. "Hii hapa. Inachuja nyumba nzima."

"Kwa nini nyumba nzima?"

"Kwa sababu ni filta!"

Jibu la mwalimu hilo! Sikulala nalo vizuri.

Asubuhi, kaka alipotoka, nikaanza upelelezi. Nikachomoa simu ya Mama, intaneti ikatulia tuli. Nikaichomeka tena, nikaipigia kwa simu yangu. Ilipolia tu, taa ya modemu ikaanza kupepesa, kisha ikazimika. Nikainua mkono wa simu na kusikia mvumo, shiii, kama mafuta kikaangoni. Mama alisema uko siku zote, yeye alidhani ni umbali.

Nikafuata waya kwa kidole. Uliingia dirishani, ukagawanyika, mmoja kwenda sebuleni na mwingine chumbani kwa Mama. Hapo nikaelewa. Sauti na intaneti hupita waya mmoja, na filta huzitenganisha zisivurugane, ila inailinda simu iliyochomekwa nyuma yake tu. Nyuma ya filta ya sebuleni hakukuwa na simu hata moja! Tulikuwa tunachuja maji ya jikoni huku tunakunywa ya bafuni. Nilicheka, halafu nikakasirika kwa ajili ya Mama, aliyekuwa anagombezwa bure.

Wenye simu kila chumba hufungiwa splita moja, yaani filta ya nyumba nzima, pale waya unapoingia, mambo yakaisha. Sisi tulikuwa na simu moja. Nikabandua selotepu, nikachomeka modemu moja kwa moja ukutani, na filta nikaipeleka kwa Mama, simu yake nikaipitisha humo.

Kaka aliporudi, akafoka. "Umegusa! Leo nikikatika, utafundisha wewe."

"Nitafundisha," nikasema.

Jioni somo likaanza. Simu ikalia. Kaka akanyamaza katikati ya sentensi, sote macho kwenye modemu. Taa haikutikisika. Simu ikalia tena, Mama akapokea, na kaka akaendelea na milinganyo yake huku akininyooshea dole gumba. Nikakimbilia chumbani nikashangilie na Mama.

Mama hakuwa anacheka.

"Dada, leo nakusikia kama umekaa hapa kitandani," alikuwa anasema. Kisha akaubana mkono wa simu sikioni. "Hebu usiseme kitu. Pumua tu."

Nikasogea. Hata mimi nikasikia pumzi fupi fupi, zinakwaruza. Ule mvumo ulikuwa unazifunika jioni zote hizo.

"Kifua hicho kimeanza lini?" Mama akauliza. Akasikiliza. "Muda wote huo, na mimi nakuchekea tu!"

Kaka akaja mlangoni anatabasamu, somo limekwisha salama. Mama akaifunika simu kwa kiganja.

"Nitafutie usafiri wa alfajiri," akamwambia, na kaka akatoa simu yake mfukoni akaanza kupiga.

Mama akairudisha simu sikioni. "Nakuja, dada. Usikate kwanza. Endelea kupumua nikusikie."