Alama Arobaini na Sita

Mama mkwe wangu alivunjika bega siku ya Jumatatu asubuhi kwa sababu ya povu la sabuni. Alikuwa amebeba beseni la shuka zilizokamuliwa, akakanyaga pale nilipokuwa nimemwaga maji ya mwisho, akaenda chini na bega la kulia likatangulia. Hakupiga kelele. Alikaa akaziangalia shuka zilizotapakaa kwenye tope, akasema, "Haya, zote zinarudi majini." Ndipo akajaribu kunyanyuka, akashindwa.

Sisi ni madobi. Tunafua shuka, foronya na taulo za nyumba moja ya wageni yenye vyumba ishirini na viwili, uani kwao, nyuma ya jiko. Mama amefanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Mimi nilianza nilipoolewa na mwanawe, ambaye ni dereva wa lori na tunamwona kama mwezi mwandamo.

Waya za kuanikia pale uani zimefungwa juu sana, ili shuka zisiburute chini. Mama ni mfupi, hazifikii. Kwa hiyo alikuwa na namna yake. Aliikunja shuka kwa urefu, akashika pembe mbili, akarudi nyuma hatua moja, akauzungusha mkono kutoka pajani mpaka juu kama mtu anayerusha kamba. Shuka iliruka, ikapita juu ya waya, ikafunguka yenyewe. Wapishi walikuwa wakitoka jikoni kumtazama. Mimi alinifundisha mwaka mzima na bado zangu zilikuwa zinanirudia kichwani.

"Jamani, mkwe wangu kawa jini," alikuwa akisema. "Toa shuka usoni tukuone."

Pale kazini walimwita Mama Shuka. Yeye aliniita Bi Kimya. Ni kweli siongei. Shule niliiacha darasa la tano, na hata huko mwalimu akiniuliza kitu ninachokijua nilikuwa nasimama tu, mpaka achoke aniambie nikae.

Hospitali walimpasua siku ya tatu. Daktari wa mifupa alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alituonyesha kwenye picha jinsi kichwa cha mfupa kilivyokuwa kimekatika vipande vitatu, na jinsi alivyovishikanisha kwa bamba la chuma na skrubu. Mama akazihesabu skrubu kwa kidole.

"Nane! Hata kabati langu halina skrubu nane."

Daktari akacheka. Tangu siku hiyo Mama alimpenda. Alisema ni kijana aliyelelewa.

Baada ya jeraha kupona tukawa tunakwenda kila wiki kwa dada wa mazoezi. Mkono ulipanda mpaka usawa wa kifua, hapo ukagoma. Wiki baada ya wiki, hapo hapo. Ukilazimishwa, Mama alikuwa akifumba macho na kupumua kwa pua. Upande ule hakuweza kuulalia. Nilimvalisha, nikamchana nywele, nikamfunga kilemba.

"Nilidhani nimempatia mwanangu mke," alisema, "kumbe nimejipatia yaya."

Kazini nilikuwa peke yangu, na ile ni kazi ya watu wawili. Shuka zilichelewa kukauka, wageni wakalalamika. Meneja si mtu mbaya. Alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akasimama mlangoni na mikono mfukoni.

"Mama Shuka, nimekusubiri miezi mitano," alisema. "Lakini siwezi kumlaza mgeni kwenye godoro tupu. Kuna jamaa mwenye mashine anataka hii kazi kuanzia mwezi ujao. Niletee karatasi ya daktari kwamba umepona, nitamwambia asije."

"Karatasi tu?"

"Karatasi tu."

"Utaipata, mwanangu."

Kuanzia jioni ile alianza kufanya mazoezi ambayo hakufundishwa hospitali. Nilimwona chumbani, amesimama pembeni ya kitanda. Alirudi nyuma hatua moja, akaulegeza mkono, akauzungusha kutoka pajani kwa nguvu ya kiuno na mgongo, kama anavyorusha shuka. Mkono ukaruka mpaka juu ya kichwa. Ukishafika juu aliweza kuukalisha pale kwa muda mfupi, kama mtu anayesawazisha ndoo kichwani. Halafu aliudaka kwa mkono wa kushoto na kuushusha taratibu, jasho likimtoka juu ya mdomo.

Aliniona nimesimama.

"Umeona? Unapanda."

"Mama, unaurusha," nilisema.

"Kurusha na kuinua, si vyote vinakwenda juu?"

Siku ya kliniki tulitoka nyumbani mapema. Nilimfunga kilemba cha bluu, kile kizuri. Tulipofika kwenye lango la hospitali alinishika kiwiko.

"Ukiulizwa, sema ndiyo. Usije ukanikana mbele za watu, mkwe wangu. Nitaficha wapi uso wangu?"

Daktari aliiweka picha mpya kwenye taa, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mfupa umeunga vizuri sana," alisema. "Ila bamba limekaa juu kidogo kuliko nilivyotaka. Kuna watu linawasumbua, kuna watu haliwasumbui. Kama unaumia, au mkono haupandi, niambie, Mama. Nitalitoa mapema, ni upasuaji mdogo, na mkono una nafasi nzuri ya kupanda tena. Likiachwa linakwaruza, litazila zile kano zinazoinua mkono, na kano zikishakatika sina cha kufanya. Lakini kama huumii, hatuna haja ya kukukata tena. Nitakuandikia umepona."

Alisema polepole, kwa maneno hayo hayo. Siwezi kusema kwamba hatukuelewa.

"Siumii," alisema Mama.

Dada wa mazoezi alikuwa na watu wengine kumi na zaidi wanamsubiri kwenye benchi. Alisema, "Inua mkono, Mama," akageuka kuchukua kipimo chake, kile cha plastiki kama rula mbili zilizofungwa pamoja. Mama akarudi nyuma hatua moja. Dada alipogeuka, mkono ulikuwa juu. Akapima, akaandika. Digrii mia na hamsini.

"Hongera!" alisema. "Wewe ni mtu wa mazoezi."

Kisha akatoa fomu ya maswali kumi na mawili. Kila swali lilikuwa na alama nne ukijibu kwamba huna taabu kabisa. Unavaa mwenyewe? Unachana nywele? Unatundika nguo kabatini? Unalala usiku bila maumivu? Mama alijibu naweza, naweza, naweza. Kwenye mambo mawili tu alisema kuna taabu kidogo: kubeba mzigo na kusugua mgongo. Baadaye alinieleza kwa nini. "Hata mwizi mwerevu huacha kitu ndani ya nyumba."

Alama arobaini na sita kati ya arobaini na nane. Daktari aliisoma fomu, uso wake ukang'aa kama mtoto aliyesifiwa. Halafu akaniangalia mimi.

"Na wewe, binti, ndiye unayeishi naye. Ni kweli anavaa mwenyewe? Anajichana?"

Aliuliza kwa upole. Aliningoja. Asubuhi ile ile mimi ndiye niliyemfunga vifungo. Neno lilikuwa mdomoni, nalikumbuka lilivyokuwa mdomoni. Mama hakuniangalia. Alikuwa ameangalia kalamu ya daktari. Nikaona aibu atakayoipata, kuitwa mwongo na mke wa mwanawe mbele ya kijana aliyempenda. Nikafikiria pia kwamba maji aliyoyakanyaga niliyamwaga mimi, kwa hiyo sikuwa na haki ya kumzuia kurudi kazini.

"Ndiyo," nilisema.

Akaandika.

Siku aliyorudi kazini wapishi walitoka wote. Mama akakunja shuka, akarudi nyuma hatua moja, akarusha. Ikafunguka juu ya waya. Walipiga makofi, na mmoja akasema chuma hicho na yeye akatiwe. Meneja akaitundika karatasi ofisini kwake. Nilimwona Mama akicheka na macho yana maji, nikajiambia labda nilifanya vizuri.

Ilichukua kama miezi minne. Mwanzoni alirusha shuka zote. Kisha akawa anarusha zile ambazo watu wanaona, nyingine naanika mimi nikiwa nimepanda juu ya ndoo. Siku moja nilimtafuta nikaona miguu yake tu chini ya mstari wa shuka. Nilizunguka. Alikuwa amesimama, ameegemeza paji la uso kwenye shuka mbichi, mkono umening'inia.

"Mama, twende hospitali."

"Wakanichanie karatasi yangu?"

"Nitaanika mimi zote. Wewe kunja tu."

"Bi Kimya leo umekula kasuku?" alisema, lakini bila kicheko. "Anika hizo taulo."

Na mimi nikaanika taulo.

Mkono ulishindwa kabisa kwa foronya. Kitu chepesi vile. Alikuwa anaipeleka tu kwenye ule waya wa chini wa vitu vidogo. Mkono ukafika kiunoni ukasimama, foronya ikaanguka. Akajaribu tena. Akajaribu kuurusha, ukagonga paja ukarudi. Aliniangalia kama mtu aliyeamshwa ghafla mahali asipopajua.

Daktari alikuwa yule yule. Alimpima, akaushika mkono akaupandisha yeye mwenyewe, akauachia, ukaanguka. Akapiga picha nyingine, ile inayoonyesha kano. Akafungua faili, akasoma, akafunga, akafungua tena.

"Kano mbili zimekatika," alisema. "Zimekatika na kusinyaa, haziwezi kushonwa. Bamba nitalitoa, upate usingizi. Lakini mkono hautapanda tena, Mama. Kula utakula. Kuandika utaandika. Kuinua, hapana. Kama ningelitoa miezi minne iliyopita..."

"Tulikuja," nilisema.

Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kusema bila kuulizwa mbele ya mtu mkubwa.

"Mlikuja," alisema. "Na mkaniambia haumii."

"Nilikudanganya mimi. Uliniuliza mimi."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliigeuza ile fomu ya maswali kumi na mawili mezani, akasema kana kwamba anaongea peke yake, "Niliihesabu hii katika matokeo mazuri. Nilisema, huyu bamba lake liko juu na ana arobaini na sita, kumbe si lazima kuharakisha kulitoa. Wapo wagonjwa wawili walikuja baada yako, hawaumii sana, nikawaacha nalo."

Mama alikuwa ameinama muda wote. Hapo akainua kichwa.

"Watu gani?"

"Mama, siwezi kukutajia wagonjwa wengine."

"Sikuulizi majina. Wanafanya kazi gani?"

Daktari akalifunga faili. "Mmoja anapika. Mwingine anaezeka mabati."

"Mabati," alisema Mama. "Juu ya paa." Akaufunika mdomo kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Waite, mwanangu. Leo. Waambie yule mwanamke wa arobaini na sita alikuwa mwongo, asiigwe."

"Nitawaita."

"Waite nikiwa hapa hapa."

Akapiga simu tukiwa tumekaa. Mpishi alipokea. Yule wa mabati simu iliita mpaka ikakatika. Daktari akasema atajaribu tena mchana. Mama akasema yeye atangoja, na tulingoja kwenye benchi mpaka dada wa mazoezi alipokuja kutuambia kwamba amepatikana, yuko juu ya nyumba ya watu, kesho atakuja.

Ni kwenye benchi lile Mama aliponiambia. Hakunigeukia.

"Ungenisema tu."

"Mama?"

"Siku ile. Ungesema, huyu mama ni mwongo, mimi ndiye ninayemvalisha. Ningekununia. Wiki moja, wiki mbili. Ningekula chakula chako bila kusema asante." Alivuta pumzi. "Halafu si yangeisha?"

Nilitaka kumwambia kwamba alinikataza. Ni kweli alinikataza, yeye anajua na mimi najua. Lakini niliuangalia ule mkono wake, umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishikilie kidogo, nikaona hilo halina kazi.

"Nisamehe, Mama."

"Mimi nilizaa uongo, wewe ukaubeba mgongoni. Nani amsamehe nani?"

Tukaenda dirishani kupanga siku ya kutoa chuma. Karani alikuwa ameinamia daftari lake. Bila kutuangalia aliuliza, "Mgonjwa anaumia?"

Nilimngoja Mama ajibu, kama kawaida yangu.

"Muulize huyu," alisema Mama. "Mimi usiniulize kitu tena."

Karani akainua macho kwangu, kalamu mkononi.

"Anaumia," nilisema.

"Sauti, dada. Sikusikii."

"Anaumia. Usiku halali."

"Anaweza kuvaa mwenyewe?"

Mama alikuwa amesimama karibu yangu sana, bega lake baya likigusa langu. Watu kwenye foleni nyuma yetu walikuwa wanasikia.

"Hawezi," nilisema.

"Kujichana?"

"Hawezi."

Nilihisi bega lake likitetemeka kila niliposema, na niliendelea kujibu mpaka karani alipomaliza ukurasa.