Kupe Nyuma ya Sikio

…na nimeapa sisemi naye mpaka aanze yeye, hata kama ni mwaka mzima, lakini ukaguzi wa kupe ni ukaguzi, mume wangu akirudi kutoka kutengeneza uzio wa malisho lazima akae kwenye hiki kigoda, avue shati, mimi nishike tochi, hata tukinuniana, tulipatana hivyo tangu ile homa ya mwaka jana, kwa hiyo nakisukuma kichwa chake kwa kidole kimoja, bila neno, naye anainama, bila neno, mabubu wawili jikoni… kwapani hakuna, mgongoni hakuna, na shingo hii, jamani, shingo nzuri namna hii kapewa mtu mwenye mdomo mbaya, eti kumwambia wifi yangu, nami nipo nasikia, kwamba nikichomeka suruali ndani ya soksi kwenda kukata majani ya ng'ombe nafanana na golikipa aliyefungwa sita, wifi akacheka mpaka chai ikamtoka puani, sawa, chekeni, daktari alisema kupe hupandia miguuni, mzibie njia, mimi nimemzibia… sasa mume wangu anamweleza paka kwamba kuna mtu humu ndani ana mikono ya baridi, na kwamba mtu huyo akinuna anapendeza, nyamaza wewe, kuongea na paka hakuhesabiki, nisicheke, nikicheka nimekwisha… hiki nini, nyuma ya sikio, cheusi, kidogo kama mbegu ya mchicha, uchafu tu, hapana, kina miguu, Mungu wangu, kina miguu… mwaka jana tulidhani mafua, kichwa kikamuuma hadi akakataa mwanga, kile kidonda cheusi pajani tukakiita jipu, mama mkwe akawa anakikanda kwa maji ya moto, kisha vidoa vyekundu mpaka viganjani, ndipo daktari akauliza alikuwa anashinda wapi, akaanza kumpa dawa siku ileile, lakini kabla haijashika mume wangu alinitazama akaniuliza mimi ni nani, mimi, mkewe… basi sikuudhiwa na golikipa, golikipa ananichekesha hata mimi, nimeudhika kwa sababu yeye anacheka huku anaingia majanini vifundo vya miguu wazi, naogopa, hilo tu, naogopa kuulizwa tena mimi ni nani… kibano kiko wapi, mfukoni, kishike kidudu karibu kabisa na ngozi, usikizungushe, usichome na kiberiti, wala mafuta ya taa aliyoshauri mama mkwe, vuta wima, polepole, njoo, njoo mwanaharamu, njoo… kimetoka kizima, kichwa na vyote, miguu inachezacheza, tumbo bapa, hakijashiba, ahsante, ingia kwenye chupa ya spiriti ukaogelee, sasa maji na sabuni, na wiki hizi mbili akishikwa na homa hata kidogo ni hospitali moja kwa moja, nitataja kupe kabla ya kusalimia, wanione sina adabu… anageuza shingo, hamtazami paka, ananitazama mimi.

"Umemaliza, mke wangu?"

Kaanza yeye, mmesikia, kaanza yeye, na nimemaliza kweli, sikio la pili safi, utosini safi, hakuna pa kutafuta tena, kichwa chake kina joto la jua tu, joto zuri, na kigoda kiko palepale, na tochi bado inawaka.

"Bado," namwambia. "Inama."

Anainama, nami naanza upya, polepole, pale ambapo nimeshapakagua mara mbili.